Haki ya Mzazi Kuuliza

Hakuna kazi iliyopata washauri wengi kama kazi ya kulea mtoto, wala hakuna mfanyakazi anayetiwa hofu kama mzazi. Mtoto akizaliwa leo, kabla kitovu hakijakauka, mama yake amekwisha kupokea amri kumi: tatu za bibi zake, mbili za jirani, nne za muuguzi, na moja ya muuza dawa, ambayo ni ya kulipia. Amri hizo hazipatani. Zinapatana katika jambo moja tu, kwamba kila mwenye kuitoa huitoa kama kwamba haina shaka, na kwamba mama akithubutu kuuliza, "Imejulikanaje?" huonekana mkaidi, au mjinga, au mwenye kiburi cha shule.

Siku hizi tumeongezewa aina nyingine ya ushauri, yaani ule unaosemwa kuwa umetokana na utafiti. Tunaahidiwa kwamba mzazi akiufuata atakuwa mzazi mwenye kujiamini. Mimi si adui wa utafiti. Nataka kuutetea, hata dhidi ya baadhi ya rafiki zake. Nasema kwamba utafiti ukiletwa kwa mzazi kama amri nyingine tu, umepoteza kitu pekee kilichoufanya kuwa bora kuliko amri za zamani. Neno la mtafiti linapita neno la jirani kwa sababu mtafiti yu tayari kuonyesha njia aliyopita mpaka akafika hapo aliposimama: aliwaona watoto wangapi, wapi, kwa muda gani, aliwalinganisha na nani, na jambo gani lingemfanya akiri kwamba amekosea. Akiificha njia hiyo, amekuwa jirani mwenye koti jeupe.

Wapo watakaonijibu kwamba mzazi wa kawaida hana haja ya njia. Ana mtoto mgongoni na chungu jikoni. Mwambie fanya hiki na usifanye kile, yatosha. Nimelisikia neno hili likisemwa na watu wenye shahada zao, tena kwa upole, kama kwamba wanamhurumia mzazi. Mimi naona ni dharau iliyofunikwa kwa shuka safi. Mkulima asiyejua kusoma huuliza mbegu mpya ilipandwa wapi, katika udongo gani, na ilizaa magunia mangapi, kabla hajaitia shambani mwake. Mvuvi haendi bahari asiyoijua kwa neno la mtu mmoja. Kwa nini basi watu hao hao wakifika penye mtoto tuwahesabu kuwa hawawezi kupima maneno?

Tutazame kwanza habari za watu wengine, maana huko ndiko kosa hili lilikofanywa kwa fahari kubwa. Mwaka 1928 John B. Watson, mwanasaikolojia mwenye sifa kubwa Marekani, alitoa kitabu cha malezi. Humo aliwaonya wazazi wasiwakumbatie watoto wao wala kuwabusu, wala wasiwapakate. Asubuhi wapeane nao mikono, kama makarani wawili wakutanao ofisini. Kitabu kilisomwa sana, kwa kuwa kilivaa joho la sayansi. Ndani ya joho hilo palikuwa na nini? Palikuwa na majaribio machache, na lililo mashuhuri kati ya hayo, lililochapishwa mwaka 1920, lilikuwa juu ya mtoto mmoja, aliyetishwa kwa kishindo cha nyundo mpaka akamwogopa panya mweupe. Mwaka 1936 Watson mwenyewe aliandika kwamba anasikitika kukitoa kitabu kile, kwa kuwa hakuwa na maarifa ya kutosha kukiandika. Hayo yalikuwa maungamo ya mtu mwungwana, lakini watoto waliozaliwa mwaka wa kitabu hicho walikuwa wamekwisha kutimiza miaka minane bila kubusiwa. Katika zama hizo hizo daktari wa New Zealand, Truby King, aliyeanzisha chama cha kuwasaidia akina mama mwaka 1907, alieneza kanuni ya kumnyonyesha mtoto kwa saa, kila baada ya saa nne, na usiku asinyonyeshwe kabisa. Mama aliyemsikia mtoto wake akilia saa nane ya usiku, na matiti yamejaa, alitakiwa kuitii saa ya ukutani kuliko mwili wake mwenyewe.

Msomaji ataona kwamba wazazi hao hawakukosa ushauri wa wataalamu. Huenda hawakukosa hata kujiamini. Walichokosa ni ruhusa ya kuuliza.

Lakini kisa kinachouma kuliko vyote ni cha usingizi. Benjamin Spock, daktari wa watoto wa Marekani, alitoa kitabu chake mwaka 1946, na kitabu hicho kiliuzwa kwa mamilioni na kusifiwa kwamba kinawatia wazazi moyo wa kujiamini. Katika matoleo ya miaka ya 1950 kiliwashauri wazazi wawalaze watoto wachanga kifudifudi. Naye Spock, tofauti na Watson, alitoa sababu: mtoto alalaye chali akitapika aweza kupaliwa na matapishi yake. Sababu hiyo ilikuwa na sura nzuri. Mtu yeyote angeikubali. Mimi nawe tungeikubali. Kasoro yake ilikuwa kwamba hakuna aliyekuwa ameipima kwa kuhesabu watoto walio hai na waliokufa. Mamilioni ya watoto katika Ulaya, Marekani na Australia walilazwa kifudifudi, na maelfu walikutwa asubuhi wamekufa vitandani bila ya ugonjwa uliojulikana, na wazazi wao waliishi miaka yote iliyobaki wakijiuliza wamekosa nini.

Mwaka 2005 watafiti wanne wa Uingereza walikusanya pamoja chunguzi zote zilizopata kufanywa juu ya jambo hilo, wakazipanga kwa miaka. Waligundua kwamba kufikia mwaka 1970 tayari ulikuwapo ushahidi wa kuonyesha kwamba kulala kifudifudi ni hatari. Ila ulikuwa umetawanyika, na hapana aliyeukusanya. Kampeni ya kuwalaza watoto chali ilianza Uingereza mwaka 1991, na Marekani mwaka 1994, na katika muda wa miaka kama kumi hivi vifo hivyo vilipungua Marekani kwa zaidi ya nusu. Watafiti wale walikadiria kwamba kama ushahidi ungalikusanywa mapema, watoto zaidi ya 10,000 wa Uingereza wangaliokoka, na watoto wasiopungua 50,000 katika Ulaya, Marekani na nchi za upande wa Australia.

Kisa hiki hupendwa na watu wa aina mbili, na wote wawili hukisoma vibaya. Wa kwanza husema: tazameni, wataalamu hubadili maneno kila miaka ishirini, basi tusiwasikilize, tufuate mioyo yetu. Huyo amesahau kwamba lililowaua watoto lilikuwa ni dhana iliyoazima nguo za utafiti, na aliyeivua nguo hizo ni utafiti wenyewe. Moyo wa mzazi usingeweza kuligundua jambo lile kamwe, kwa sababu kila mzazi aliona mtoto wake mmoja tu, au watoto wake watano, na wengi wa watoto waliolala kifudifudi waliamka salama. Hatari ya namna hiyo haionekani na jicho la nyumba moja. Yaonekana na jicho la nyumba elfu nyingi zilizohesabiwa pamoja. Wa pili husema: basi sasa wataalamu wamepata jibu, tuwatii bila maneno. Huyo amesahau kwamba ndivyo walivyosema wasomaji wa miaka ya 1950.

Nami nikiombwa kuchagua swali moja la kumfundisha mzazi aliye kati ya watu hawa wawili, nitamfundisha lile lile la mama wa kitovu: imejulikanaje? Ni jambo lililofikiriwa, au lililohesabiwa? Lilihesabiwa kwa watu gani? Faida ya swali hili yaonekana hata penye mambo ya kuchekesha. Mwaka 1993 lilichapishwa jaribio la wanafunzi 36 wa chuo kikuu cha Marekani waliosikilizwa muziki wa Mozart, kisha wakafanya vizuri kidogo katika maswali fulani ya kukunja karatasi kwa akili, kwa muda wa robo saa hivi. Kufikia mwaka 1998 gavana wa jimbo la Georgia alikuwa akiomba fedha za serikali ili kila mtoto azaliwaye apelekwe nyumbani na muziki huo, ati awe na akili. Mzazi ambaye angaliuliza, "Watoto wangapi walijaribiwa?" angalijibiwa: hata mmoja. Angaliweka fedha zake mfukoni, na angalimwimbia mwanawe nyimbo za kwao.

Sasa turudi kwetu, ambako kosa ni lile lile ingawa limevaa kanga.

Mama kijana wa pwani au wa bara ametoka kliniki. Ameambiwa asimpe mtoto kitu chochote ila maziwa yake mpaka miezi sita. Ni ushauri mwema. Shirika la Afya Duniani liliutangaza kwa ulimwengu wote mwaka 2001, nao umesimama juu ya chunguzi nyingi. Afikapo nyumbani, jua la Februari linachoma, mtoto analia, na mama mkwe asema, "Mwanangu, mtoto huyu ana kiu. Wewe wanywa maji, yeye umemnyima." Au asema tumbo lamsumbua, ni chango, kuna dawa ya mizizi aliyopewa baba yake huyu mtoto alipokuwa mchanga, na mbona alikua. Mama kijana ana nini cha kujibu? Ana neno moja: "Kliniki wamekataza." Neno hilo mbele ya mwanamke aliyelea watoto saba halina uzito wa unyoya. Basi hufanya mojawapo ya mambo mawili: hutii huku akitetemeka, au humpa mtoto maji kwa siri na kumdanganya muuguzi mwezi ujao. Katika hayo mawili hakuna mzazi mwenye kujiamini.

Lakini tuseme muuguzi alimwambia zaidi. Tuseme alimwambia kwamba katika kila sehemu mia za maziwa ya mama, karibu sehemu 87 ni maji. Kwamba watu wamewapima watoto wa nchi za joto kali waliokuwa wakinyonya tu, wakaona mikojo yao ni ya watoto waliotosheka maji. Kwamba tumbo la mchanga ni dogo, na kila kijiko cha maji hushika nafasi ya kijiko cha maziwa, tena maji ya mtungi yaweza kuleta kuhara. Hapo ana cha kumwambia mkwewe, kwa adabu: "Mama, maziwa yenyewe ndiyo maji yake. Tumtazame mkojo wake leo, tuone kama ana kiu." Amemwalika mama mkwe awe mchunguzi pamoja naye. Sisemi kwamba mama mkwe atakubali siku hiyo hiyo. Nawajua mama wakwe. Nasema kwamba mazungumzo yamewezekana, ambapo mwanzo palikuwa na vita ya serikali na ukoo.

Na uadilifu watulazimisha kusema upande wa pili. Swali la imejulikanaje halina upendeleo, na bibi akiulizwa, mara nyingine atamshinda daktari. Miaka ile Truby King alipokuwa akiwafungia watoto maziwa kwa saa, bibi zetu waliwanyonyesha kila walipolia, mchana na usiku, wakilala nao kifuani. Leo vitabu vya uuguzi vyafundisha kumnyonyesha mtoto kila atakapo. Lakini katika sehemu nyingi bibi hao hao waliyakamua na kuyamwaga maziwa ya kwanza, yale mazito ya rangi ya manjano, wakidhani ni uchafu, nayo yamejaa vitu vya kumkinga mtoto na maradhi. Desturi si mzee mmoja mwenye hekima. Ni baraza la wazee wengi, na baadhi yao walikosea, nao wamestahili heshima ya kuulizwa kama watu wengine.

Hapa husimama mpinzani wangu mkubwa, ambaye namheshimu kwa kuwa anapenda kwao. Husema: utafiti huo wenu ni mali ya Wazungu, umefanywa kwa watoto wa Wazungu, nanyi mwatuletea kama nguo za mitumba. Sehemu ya neno lake ni kweli tupu. Mwaka 2008 Jeffrey Arnett, mwanasaikolojia wa Marekani, alihesabu watu waliotumiwa katika chunguzi za majarida makubwa ya saikolojia ya nchi yake, akaona kwamba sehemu 96 katika mia walitoka Ulaya, Marekani na nchi nyingine zilizoendelea kwa viwanda, nazo zina watu wachache tu wa dunia. Mtu anayekuambia kwamba "watoto wako hivi" mara nyingi ana maana kwamba watoto wa mji fulani wenye chuo kikuu wako hivi. Kuuliza "Walihesabiwa kwa watu gani?" ni haki yetu, tena ni wajibu.

Ila mpinzani wangu ataka tuutupe utafiti wote baharini, na hapo ndipo ninapomshika mkono. Ajua wapi ulipowekwa msingi mmoja wa elimu ya mapenzi ya mtoto na mama yake, ambayo leo yafundishwa ulimwenguni kote? Uliwekwa katika vijiji vya Buganda, karibu na Kampala. Mary Ainsworth alifika Uganda mwaka 1954 pamoja na mumewe, aliyepata kazi katika taasisi ya uchunguzi wa jamii iliyokuwa Makerere. Kwa miezi kadhaa, akiwa na mkalimani, alizizuru nyumba za akina mama 26 waliokuwa na watoto 28, kila baada ya majuma mawili, akakaa nao kama saa mbili kila mara, sebuleni, akitazama na kuuliza. Alitazama mtoto akilia nani alimwinua. Mama akitoka mlangoni mtoto alifanya nini. Akirudi, alimpokea vipi. Kitabu chake juu ya watoto wa Uganda kilitoka mwaka 1967.

Moja la mambo aliyoyaona lanihusu sana katika hoja hii. Watoto waliokuwa na utulivu na mama zao, waliolia kidogo na kumtumia mama kama bandari ya kutokea na kurudia, aghalabu walikuwa watoto wa mama ambao, walipoulizwa habari za mtoto, walikuwa na mengi ya kusema: apenda hiki, akiwa na usingizi hushika sikio, jana alifanya hivi. Mama waliokuwa na habari kidogo za watoto wao, watoto wao walikuwa na wasiwasi zaidi. Yaani jambo lililopatikana katika sebule za Waganda halikuwa kanuni ya saa wala ya kijiko. Lilikuwa ni thamani ya mama anayemtazama mtoto wake mwenyewe kwa makini. Mama wale walikuwa watafiti kabla mtafiti hajabisha hodi. Elimu hiyo ikasafiri mpaka Baltimore, ambako Ainsworth alichunguza familia 26 nyingine, kisha ikazunguka dunia, na leo yarudi kwetu katika vitabu vya bei kubwa, nasi twaipokea kama ya kigeni, au twaikataa kwa kuwa ni ya kigeni. Sijui ni lipi kati ya hayo mawili linachekesha zaidi.

Wala simfanyi Ainsworth kuwa mtume. Nyumba 26 ni chache. Alimtazama mama kuliko watu wengine, ilhali mtoto wa kwetu ana bibi, shangazi, na dada wa miaka minane anayembeba mgongoni kutwa. Aliandika mwaka 1972, pamoja na Silvia Bell, kwamba watoto wa Baltimore walioitikiwa upesi walipolia katika miezi ya mwanzo walipunguza kulia baadaye; wachunguzi wa Uholanzi walipolitazama jambo hilo tena, mwaka 1991, hawakuyapata matokeo yale yale. Mzazi aambiwe na hayo. Hataanguka. Ameishi na mashaka makubwa zaidi kuliko hayo tangu siku alipoona mimba.

Mfano mwingine watoka Kenya. Mwaka 1957 daktari mmoja wa Ufaransa aliyekuwa akifanya kazi Kampala, Marcelle Geber, aliandika pamoja na mwenzake kwamba watoto wachanga wa Kiafrika wana wepesi wa viungo kuliko wa Ulaya. Wapo walioharakisha kusema kwamba hayo ni maumbile ya rangi. Charles Super alikwenda kuishi Kokwet, kijiji cha Wakipsigis, akauliza swali ambalo watu wa rangi hawakuliuliza: watoto hawa ni wepesi katika mambo yote? Mwaka 1976 akajibu. Waliwatangulia watoto wa Marekani katika kukaa na kutembea. Lakini katika kutambaa hawakuwatangulia. Na kwa nini? Kwa kuwa mama wa Kipsigis huwafundisha watoto kukaa, huwachimbia kishimo kidogo na kuwaegemeza kwa nguo, na huwafundisha kutembea kwa kuwashika, nao wana maneno katika lugha yao kwa mafunzo hayo, kutambaa hawafundishi. Kilichoitwa damu kilikuwa kazi ya mikono ya mama. Bila swali la imejulikanaje, kazi hiyo ingebaki imeandikwa katika daftari la rangi.

Nimeliacha nyuma jambo gumu, maana najua litaniletea barua. Nalo ni fimbo. Mwaka 2009 ulifanywa Tanzania uchunguzi wa taifa, ukatangazwa mwaka 2011, na karibu robo tatu ya vijana waliohojiwa, wa kike kwa wa kiume, walisema walipata kutendewa ukatili wa kupigwa kabla ya kutimiza miaka 18. Mtetezi wa fimbo huja na methali mkononi: mchelea mwana kulia hulia yeye. Naitazama methali hiyo, naigeuza huku na huku, sioni fimbo ndani yake. Yasema usiogope kilio cha mtoto unapomzuia asifanye baya. Mtoto hulia anapokatazwa kisu. Hulia anaponyimwa sukari. Hulia anaporudishwa shule. Aliyeitia fimbo katika methali ameitia mwenyewe.

Mwaka 2016 Elizabeth Gershoff na mwenzake walitoa hesabu ya chunguzi 75 za miaka kama hamsini, zenye watoto zaidi ya 160,000, juu ya adhabu ya kupiga kwa kiganja tu, siyo mateke wala mijeledi. Hawakuona dalili kwamba kupigwa kumemwongezea mtoto utii wa kudumu. Waliona kwamba watoto waliopigwa zaidi walikuwa wagomvi zaidi na uhusiano wao na wazazi ulikuwa mbaya zaidi. Mwenye akili atauliza mara moja: huenda watoto watundu ndio wapigwao zaidi, nao utundu ndio uliotangulia? Ni swali zuri, na mzazi anayeliuliza asinyamazishwe. Zipo chunguzi zilizopima kwanza utundu wa watoto kisha zikawafuata kwa miaka, na aghalabu ziliona kwamba, hata hivyo, waliopigwa zaidi mwanzoni walizidi kuwa wagomvi baadaye, ingawa tofauti si kubwa kama inavyosemwa na baadhi ya wahubiri wa upande wangu. Ndivyo ushahidi ulivyo. Mbele yake mtetezi wa fimbo ana kauli moja tu, kwamba sisi tulipigwa na tumekuwa watu. Ndiyo. Na wengi wa waliolala kifudifudi waliamka.

Sasa nawageukia wasomaji wa jarida hili, kwa kuwa sikuandika ili tuwacheke watu wa 1928. Elimu hii yote niliyoitaja imeandikwa kwa lugha ambayo mama mkwe haisomi. Mwaka 2020 yalichapishwa matokeo ya jaribio la kuwafundisha wazazi malezi yasiyo ya kipigo katika vijiji vinane vya Tanzania. Vijiji viligawanywa kwa kura, wengi wa walezi walioshiriki wakiwa wanaume, jambo ambalo watu wengi huapa kwamba haliwezekani. Yalichapishwa kwa Kiingereza. Wanafunzi wetu huenda vijijini na madaftari, huuliza kwa Kiswahili, hujibiwa kwa Kiswahili, hula ugali wa mwenyeji, kisha huandika kwa Kiingereza, na mwenyeji hasikii tena habari ya jibu lake. Maneno yakirudi kwake hurudi yamekatwa kichwa na miguu: "Wataalamu wasema msiwapige watoto." Wataalamu gani? Wamejuaje? Yeye ndiye aliyewaambia!

Naambiwa kwamba Kiswahili hakina maneno ya kazi hii. Nimetumia katika kurasa hizi kura, hesabu, kulinganisha, dhana, ushahidi, shaka. Hayo yote yaliuzwa sokoni na kusemwa barazani kabla ya chuo kikuu chochote kujengwa katika nchi zetu. Mwanamke anayecheza upatu ajua maana ya kupanga kwa kura bila upendeleo kuliko nusu ya wanafunzi wa mwaka wa kwanza. Kinachokosekana ni nia, na labda kuna hofu kidogo: mtu akielezwa njia tuliyopita, aweza kutuonyesha tulipojikwaa.

Basi nadai mambo haya, wala si makubwa. Mwanafunzi aliyekusanya maneno ya wazazi kwa Kiswahili asipewe shahada mpaka amewarudishia, kwa Kiswahili, karatasi mbili zenye kusema amewauliza watu wangapi, ameona nini, na nini hakukiona. Mwalimu wake aisome karatasi hiyo mbele ya wazazi wenyewe, chini ya mwembe, na wazazi wapewe saa nzima ya kuuliza. Kila tangazo la malezi linalobandikwa ukutani kliniki liwe na mstari wa pili chini ya amri, mstari unaosema jambo hili lilijulikana kwa kuwatazama watoto wa wapi, na wangapi. Na muuguzi aulizwapo na mama wa miaka 19, "Dada, mmejuaje kwamba hana kiu?" asimkunjie uso, bali avute kiti.